Kuunga Udugu Katika Siku za Kuagana



Miongoni mwa maswali wanayoulizwa Waislamu na watu wanaoichunguza dini hii, limo hili: Kwa nini Uislamu hauiachi hata saa moja ya maisha ya mtu bila ya kuiwekea mafundisho? Muulizaji huona kwamba Sala ni ya Mungu, saumu ni ya Mungu, na zaka ni ya maskini. Lakini mtu akienda kumtazama dada yake, akaketi naye, akanywa chai kisha akaondoka, hilo ni jambo la kibinadamu tu, lisilokuwa na uhusiano wo wote na dini. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba fikira hiyo ina upungufu, na kwamba siku mbili tatu za mapumziko azitumiazo mtu nyumbani kwa jamaa zake, kabla ya kuagana nao, huweza kuwa ibada nzito kuliko safari nzima iliyozitangulia.

Tazama kwanza mahali ulipowekwa udugu katika Kurani Tukufu. Mwanzoni kabisa mwa Sura An-Nisaa, Mwenyezi Mungu anawaamuru wanadamu wamche Yeye aliyewaumba kutokana na nafsi moja, na papo hapo, katika aya ile ile, anawakumbusha kuwa na hadhari juu ya haki za udugu wa tumbo. Hakuuweka mbali, wala hakuutaja baada ya kurasa nyingi. Ameuweka ubavuni mwa ucha Mungu wenyewe. Tena katika lugha ya Kiarabu neno rahim, lenye maana ya tumbo la uzazi, linatokana na shina lile lile la majina ya Mungu Rahman na Rahim. Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. ameeleza kwamba Mwenyezi Mungu ameufungamanisha udugu na jina Lake, hata mwenye kuuunga Naye humuunga, na mwenye kuukata Naye humkata. Basi, msomaji, mtu anayebisha hodi mlangoni kwa dada yake huwa ameugusa mlango mkubwa kuliko ule anaouona kwa macho.

Zamani kazi hii ilikuwa nyepesi. Jamaa wa mtu walikaa umbali wa mwendo wa miguu. Akisikia shangazi anaumwa, alichukua fimbo yake akaenda, na jioni akarudi. Leo sivyo. Kazi, masomo, ndoa na misukosuko ya dunia vimewatawanya watu. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka katika nchi hiyo, na watu wapatao 28,000 wakapokelewa Uingereza. Baraza la mji wa Leicester lilitangaza katika gazeti la Uganda Argus likiwaomba wasiende katika mji huo, kwa kuwa shule na nyumba zimejaa. Wengi walikwenda hata hivyo, na mojawapo ya sababu zao kubwa ilikuwa hii, ya kwamba huko tayari walikuwako jamaa zao. Tangazo la gazeti halikuweza kushinda damu. Baada ya hao wamekwenda wengine wengi kutoka Kenya, Tanzania na Uganda, wauguzi, wanafunzi na watu wa kazi mbalimbali. Na leo ziko nyumba nyingi za matofali mekundu, katika miji ambayo bibi zetu hawakupata kuisikia, ambamo ugali hupikwa siku ya Jumapili na watoto humwita kaka wa mama yao mjomba, hata kama maneno mengine ya Kiswahili yamewapotea.

Kwa hiyo, msomaji, siku moja huenda nawe ukapelekwa na kazi au masomo katika nchi hiyo, nawe una ndugu huko. Majuma yatapita upesi. Utaona mwisho wa juma wa mwisho umefika, na tiketi yako ya ndege ni ya Jumatatu. Je, utazitumiaje siku hizo?

Wengi wetu tunajua zinavyotumiwa. Mtu huamka mapema akaenda madukani, kwa sababu ana orodha ya zawadi alizoagizwa. Hurudi jioni amechoka, akaanza kupima masanduku yasizidi kilo 23, akatoa viatu na kuvirudisha. Ndugu mwenyeji husimama mlangoni akimtazama, asijue aseme nini. Siku ya safari hukumbatiana kwa haraka, na ndani ya ndege ndipo mgeni anapokumbuka kwamba hakumwuliza dada yake hata neno moja juu ya afya yake. Zawadi si mbaya, Mtume s.a.w. ametuhimiza tupeane. Lakini haifai kumpita ndugu aliye hai mbele yako kwa ajili ya kuwanunulia nguo walio mbali.

Uislamu unatufundisha kwamba matendo huhesabiwa kwa miisho yake. Mtume s.a.w. alipokuwa akimuaga msafiri, alimkabidhi kwa Mwenyezi Mungu katika mambo matatu: dini yake, amana yake, na miisho ya matendo yake. Angalia jambo hili la tatu. Msafiri anaondoka, naye anaombewa si juu ya njia tu, bali juu ya namna anavyofunga mambo yake. Ziara nayo ni tendo, nayo ina mwisho. Mgeni aliyekaa majuma matatu kwa adabu kisha akaondoka kwa uchungu, huacha uchungu nyuma yake. Na aliyekuja pakiwa na uzito kisha akaagana kwa wema, huacha wema.

Hapa nataka nikusimulie habari ya ndugu yetu mmoja, ambaye sina idhini ya kulitaja jina lake. Alisilimu angali kijana, katika nyumba ya Wakristo waliokuwa imara katika dini yao. Dada yake mkubwa, aliyekuwa amemlea baada ya mama yao kudhoofika, aliumia sana. Aliona kwamba mdogo wake amemkana mama, ametupa jina la ukoo na kuwadharau waliomsomesha. Punde dada huyo akaenda kufanya kazi ya uuguzi Uingereza, na mawasiliano yakakatika. Kwa muda wa miaka saba huyu ndugu alimwandikia kila mwanzo wa mwaka, kwanza kwa barua na baadaye kwa ujumbe wa simu, akimjulia hali na kumpa habari za nyumbani. Majibu hayakuja. Mwaka wa nane yalikuja maneno mawili tu: "Tumepokea. Asante."

Nilipomwuliza kwa nini hakuchoka, alinijibu kwa mafundisho ya Mtume s.a.w., ya kwamba mwenye kuunga udugu si yule anayelipa wema kwa wema, bali ni yule ambaye udugu wake ukikatwa yeye huuunga. Kulipa wema kwa wema ni biashara, na hata asiye na dini huiweza. Kuunga kilichokatwa na mwenzako, hapo ndipo imani inapopimwa.

Baadaye alipelekwa London kwa mafunzo ya majuma matatu. Akamwarifu dada yake, naye akamjibu kwamba siku za kazi hana nafasi, lakini mwisho wa juma wa mwisho ataomba kubadilishiwa zamu. Basi siku ya Ijumaa jioni alipanda garimoshi katika kituo cha Waterloo, na baada ya kiasi cha nusu saa akateremka katika mji wa Woking, mkoani Surrey. Ilikuwa mwezi wa Juni, wakati ambapo jua la huko hutua saa tatu na dakika ishirini usiku. Dada alikuwa amesimama nje ya kituo pamoja na watoto wake wawili. Waliamkiana kwa adabu, kama watu wa ofisi moja.

Walipofika nyumbani, aliona jikoni sufuria mpya, ambayo karatasi ya dukani ilikuwa haijabanduliwa. Dada akamwambia bila ya kumtazama usoni: "Hiyo haijapikiwa kitu kingine. Na nyama nimeinunua kwa mchinjaji Mwislamu, wako wengi hapa mjini. Ule bila ya wasiwasi."

Msomaji, zingatia jambo hili. Mwanamke ambaye kwa miaka saba hakujibu barua alikuwa amekwenda dukani kununua sufuria, ili mdogo wake asipate shaka katika chakula chake. Nani awezaye kusema kwamba barua zile zilipotea bure?

Siku mbili zilizofuata hawakufanya jambo lo lote la kusimulia. Jumamosi asubuhi mgeni aliosha vyombo. Wahenga wetu wamesema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe;" naye hakungoja siku ya tatu, akalishika jembe mwenyewe, akalima kitalu kidogo cha viazi nyuma ya nyumba, na watoto wakamsaidia. Mchana walitembea polepole kandokando ya Mfereji wa Basingstoke, uliokamilika kuchimbwa mwaka 1794 kwa ajili ya mashua za mizigo na ambao leo ni mahali pa bata na watembeaji. Aliwataja watoto majina ya mababu zao, babu hata babu, wakawa wanayarudia huku wakicheka kwa sababu ndimi zao hazikuyazoea. Mtume s.a.w. ametuhimiza tuijue nasaba yetu kwa kadiri itakayotuwezesha kuunga udugu. Na watoto wale, waliokuwa wakijua majina ya wafalme wa Uingereza, sasa walijua pia jina la mtu aliyeufyeka msitu na kujenga boma walikotoka.

Usiku ulipofika wakati wa Magharibi, dada alileta shuka safi, akaitandika sebuleni, akauliza: "Mnaelekea wapi?" Mdogo wake akamwonyesha upande wa kusini-mashariki. Dada akasogeza kiti kilichokuwa mbele, kisha akawaambia watoto wanyamaze, mjomba anasali.

Jumapili asubuhi dada alikwenda kanisani. Mgeni alimsindikiza mpaka mlangoni, akamngoja nje ukingoni mwa mfereji mpaka ibada ikaisha. Hakuna aliyemficha mwenzake imani yake, wala aliyeiuza ili apendwe. Walipokuwa wakirudi dada alimwambia: "Nilidhani umekuja kunihubiri. Nilikuwa nimejiandaa kukujibu." Akamjibu: "Dada, nimekuja kukuona."

Hapa tunafika katika jambo linalowahusu hasa wale walioingia Uislamu karibuni, na wale wanaoutafakari huku wakiogopa kwamba wataambiwa wawaache wazazi na ndugu zao. Woga huo hauna msingi. Katika Sura Luqman, Mwenyezi Mungu ameeleza kwamba hata kama wazazi wakimshurutisha mtoto wao amshirikishe Mungu, asiwatii katika jambo hilo. Lakini hapo hapo ameamuru kwamba akae nao duniani kwa wema. Mambo haya mawili yamewekwa pamoja ili tusichukue moja tukaacha la pili. Na katika Sura Al-Mumtahina ameeleza kwamba hatukatazi kuwatendea wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa sababu ya dini wala kututoa katika nyumba zetu.

Masahaba walifundishwa hivyo kwa vitendo. Wakati wa mapatano kati ya Waislamu na Makureshi, mama yake Asma, binti wa Abubakar r.a., alikuja Madina kumtazama binti yake, naye alikuwa angali mshirikina. Asma akaona shaka, akaenda kumwuliza Mtume s.a.w. kama inafaa kumuunga mama aliyekuja akitumaini wema wake. Mtume s.a.w. akamwambia amuunge mama yake. Umar r.a. naye alipopewa na Mtume s.a.w. joho la hariri, ambalo yeye mwenyewe asingelivaa, alilipeleka Makka kwa ndugu yake aliyekuwa bado hajasilimu. Na baada ya vita ya Hunain, aliletwa miongoni mwa mateka mwanamke aliyesema kwamba ni dada wa Mtume s.a.w. wa kunyonya, Shaima binti wa Halima. Mtume s.a.w. alipomtambua, alimtandikia nguo yake akamketisha juu yake, akampa hiari ya kukaa naye kwa heshima au kurudi kwa watu wake. Alipochagua kurudi, alimpa zawadi akamwachilia. Hiyo ndiyo namna Mtume wetu alivyoagana na dada: hakumzuia, wala hakumwacha aende mikono mitupu.

Waswahili husema, "Undugu ni kufaana, si kufanana." Yule asiyefanana nawe katika Sala aweza kukufaa kwa sufuria mpya, nawe usiyefanana naye waweza kumfaa kwa subira na kazi ya mikono. Ama kuhubiri, kuna wakati wake na adabu yake. Jamaa zako wameyasikia maneno yako tokea siku uliyosilimu. Wanalongoja ni kuona kama dini hiyo imekufanya kuwa mtoto mwema zaidi, au imekupa ulimi mkali tu.

Turudi Woking, kwa kuwa mji huo wenyewe una mafunzo. Garimoshi lilifika hapo mwaka 1838, pakiwa ni nyika tupu. Makaburi ya London yalipojaa, yalifunguliwa mwaka 1854 makaburi makubwa ya Brookwood, kituo kimoja tu kutoka Woking, na mpaka mwaka 1941 yalikuwako magarimoshi maalumu yaliyochukua maiti kutoka London pamoja na wafiwa wao. Wafiwa walikata tiketi za kwenda na kurudi. Jeneza lilikatiwa tiketi ya kwenda tu. Nani kati yetu anahitaji mawaidha zaidi ya tiketi hizo mbili?

Katika mji huo huo upo Msikiti wa Shah Jahan, uliojengwa mwaka 1889 na Dakta Leitner kwa msaada wa Malkia Shah Jahan wa Bhopal, nao ndio msikiti wa kwanza uliojengwa rasmi kuwa msikiti nchini Uingereza. Baada ya kifo cha Leitner mwaka 1899 ulifungwa, mpaka mwaka 1913 alipoufungua tena Khwaja Kamal-ud-Din, wakili aliyetoka Lahore. Wakati wa Vita Kuu ya kwanza, askari Waislamu wa Kihindi waliofia Uingereza walizikwa katika nyika ya Horsell, karibu na msikiti huo, na mwaka 1968 maiti zao zikahamishiwa Brookwood. Hawa walikufa mbali na mama zao, lakini hawakuwa na hiari.

Jumapili hiyo mchana, dada mwenyewe ndiye aliyetaka wafike Brookwood, kwa sababu alikuwa akipita kituo hicho mara nyingi asipate kuteremka. Huko wamelazwa Marmaduke Pickthall, Mwingereza aliyesilimu akaitoa tafsiri ya Kurani kwa Kiingereza mwaka 1930, na Abdullah Yusuf Ali, ambaye tafsiri na maelezo yake yalianza kutolewa mwaka 1934 na yamesomwa na watu wengi mno duniani. Ndugu yetu alimweleza dada yake habari za huyu wa pili: jinsi alivyokuwa mwanachuoni na ofisa mwenye cheo, na jinsi alivyofariki London tarehe 10 Desemba 1953, mzee, mpweke, akiwa amefarakana na watoto wake, baada ya kuokotwa katika baridi ya barabarani. Dada akauliza: "Na watoto wake walikuwa wapi?"

Si kazi yetu kumhukumu marehemu huyo wala watoto wake. Mungu ndiye ajuaye yaliyokuwa baina yao, nasi tunamwombea rehema. Lakini swali la yule mwanamke halituachi. Kama mtu aliyeutumia umri wake katika kufafanua Neno la Mungu aliweza kufikia saa yake ya mwisho bila ya mkono wa jamaa, basi asiwepo kati yetu anayedhani kwamba elimu au sifa itamtosha badala ya udugu. Udugu huharibika kimya kimya, barua moja isiyojibiwa baada ya nyingine, mpaka siku moja mtu hutafuta pa kuushika asipaone.

Ndugu yetu anasema kwamba dada yake hakusema neno mpaka walipokuwa ndani ya garimoshi la kurudi. Hapo ndipo alipoanza kumweleza siku za mwisho za mama yao, ambazo yeye hakuziona kwa kuwa alikuwa masomoni, na ambazo hakuwahi kuelezwa. Alieleza mpaka nyumbani, na nyumbani akaendelea mpaka usiku. Laiti siku ile angekuwa madukani, angeyasikia wapi maneno hayo?

Basi, msomaji, kutokana na haya nakuomba ushike mambo machache. Kwanza, maliza manunuzi na shughuli zako kabla ya siku za mwisho, ili siku hizo ziwe za watu. Mtume s.a.w. alimkumbusha mmoja wa masahaba, aliyekuwa akifunga na kusali kupita kiasi, kwamba mwili wake una haki juu yake, na mkewe, na hata mgeni wake. Wala usione kwamba saa uliyoketi na ndugu yako imeibwa kutoka kwa Mungu.

Pili, usiwe mzigo. Mtume s.a.w. ameweka ugeni kuwa siku tatu, na yanayozidi hapo ni sadaka. Tena amemkataza mgeni kukaa mpaka amtie mwenyeji katika dhiki. Katika nchi ambazo mwenyeji hana mtumishi na huamkia kazini, kuosha chombo chako ni sehemu ya adabu ya Kiislamu.

Tatu, shika Sala yako waziwazi na kwa upole, bila ya kuificha wala kuifanya kelele. Katika miji ya kaskazini mchana wa Juni ni mrefu mno, na mwezi wa Desemba jua hutua kabla ya saa kumi. Nyakati zinabadilika, lakini wajibu haubadiliki. Watoto wa nyumba hiyo watakukumbuka kwa jinsi ulivyosimama mbele ya Mola wako kuliko kwa peremende ulizowaletea.

Nne, kama lipo neno la kupatanisha, usilingoje mpaka mlangoni, teksi ikiwa inapiga honi. Liseme ungali na usiku mmoja mbele yako, ili mwenzako naye apate nafasi ya kusema lake. Na kama hakusema, usimlazimishe. Keti naye tu.

Tano, unapoondoka, ondoka kwa dua, na ukifika kwenu mpe habari kwamba umefika, kisha usiikate kamba. Mtume s.a.w. amebashiri kwamba anayependa riziki yake ikunjuliwe na umri wake urefushwe, auunge udugu wake. Huenda ukajiuliza umri utarefukaje kwa barua moja. Lakini tazama: mtu aliyeungana na jamaa zake huishi katika vinywa na dua zao hata baada ya kuingia kaburini, na aliyejitenga huweza kufa mapema, angali anatembea.

Wengine watasema, "Ndugu zangu ndio walionikata; nianze mimi kwa nini?" Tumekwisha kuona jibu lake. Wengine watasema, "Wako mbali mno." Lakini ugumu haupo katika bahari. Mtu aweza kukaa nyumba moja na kaka yake, ukuta mmoja ukiwatenganisha, na udugu wao ukawa umekatika. Na mwingine akavuka bahari kwa ajili ya siku tatu tu, akauunga. Kama huna nauli, unao ujumbe. Kama hujui la kuandika, andika kwamba umemkumbuka. Fanya hivyo leo, kabla hujaiweka chini makala hii, kwa kuwa hatujui ni nani kati yetu ambaye tiketi yake iliyo mfukoni ni ya kwenda tu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azilainishe nyoyo zetu na za jamaa zetu, walioamini na wale ambao bado. Awarehemu waliotangulia kabla hatujaagana nao. Awaongoze wanaoitafuta kweli. Na ajaalie miisho ya matendo yetu iwe bora kuliko mianzo yake. Amin.